Crossness: mtambo wa maji taka uliofufuliwa, na somo kwa vyoo vyetu



Kusini mashariki ya jiji la London, ukingoni mwa mto Thames, lipo jengo la matofali lenye nakshi za vyuma ambalo mgeni anaweza kudhani ni kasri la mfalme. Kumbe ni kituo cha kusukuma maji taka. Kinaitwa Crossness, na kilifunguliwa Aprili 4, 1865, zama za Malkia Victoria. Kazi yake ilikuwa kunyanyua kinyesi cha watu wa London ya kusini na kukitoa nje ya mji. Leo kituo hicho hakifanyi tena kazi hiyo, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini wananchi wa kawaida wamekuwa wakijitolea kukifufua. Kwa nini watu wahangaike hivyo kwa ajili ya mtambo wa uchafu? Jibu lake linagusa afya ya kila nyumba.

MJI ULIOKUNYWA UCHAFU WAKE

Katikati ya karne ya 19, London ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili. Awali haja zao ziliingia kwenye mashimo chini ya nyumba. Vyoo vya kuvuta maji vilipoenea, kinyesi kikaelekezwa kwenye mifereji ya mvua, na mifereji ikamwaga mtoni. Mto huo huo ndio ambao baadhi ya makampuni yalichota maji ya kuwauzia watu. Kipindupindu kikaua takriban watu 14,000 katika mlipuko wa 1848 na 1849, na wengine zaidi ya 10,000 mwaka 1853 na 1854.

Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kuwa maradhi huletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow aliwapinga. Mwaka 1854, katika eneo la Soho, alionyesha kuwa wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Mpini wa pampu hiyo ukaondolewa, lakini Snow alifariki Juni 1858 wakubwa wengi bado hawajamwamini. Kiangazi hicho hicho joto lilizidi na mto ukanuka kiasi kwamba wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni, walishindwa kuvumilia. Haukupita muda wakapitisha sheria ya kujenga mfumo mpya wa maji taka.

Kwa hiyo walijenga kwa kukimbia harufu. Lakini walichofanya ndicho kilichohitajika: walitenganisha kinyesi na maji ya kunywa.

MTAMBO ULIVYOFANYA KAZI

Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mitaro mikuu chini ya ardhi yenye urefu wa takriban kilomita 130. Upande wa kusini uchafu uliteremka wenyewe hadi Crossness, ila ulifika hapo ukiwa chini sana, hauwezi kutoka kuingia mtoni bila kunyanyuliwa. Ndipo ikafungwa mitambo minne ya mvuke iliyotengenezwa na kampuni ya James Watt & Co., ikapewa majina ya jamaa ya kifalme: Victoria, Prince Consort, Albert Edward na Alexandra.

Makaa ya mawe yalichemsha maji, mvuke ukasukuma pistoni, na pistoni ikainua ncha moja ya boriti ya chuma yenye uzito wa tani 47. Boriti hiyo ilipanda na kushuka mfano wa pembea, ikiendesha pampu zilizo chini. Gurudumu la tani 52 lilifanya mwendo uwe sawasawa. Kila mtambo uliweza kunyanyua takriban tani 6 za maji taka kwa mzunguko mmoja, mizunguko 11 kwa dakika.

Uchafu ulipandishwa hadi kwenye bwawa lililofunikwa, lenye ujazo wa zaidi ya lita milioni 120. Ulifunguliwa maji yalipoanza kupwa, ili mkondo uuchukue kuelekea baharini. Watu wa pwani mnalielewa hili: mwenye kutupa taka maji yakijaa, hurudishiwa mlangoni.

KIUNGO KIMOJA KIKIKOSEKANA

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London. Safari hii kilishambulia zaidi upande wa mashariki, ambako kituo kingine, Abbey Mills, kilikuwa hakijakamilika. Kampuni ya maji ya eneo hilo nayo ilisambaza maji yaliyoingiliwa na uchafu. Watu zaidi ya 5,000 wakapoteza maisha. Sehemu nyingi ambazo mitaro yake ilikuwa tayari zilisalimika kwa kiasi kikubwa.

Somo la pili lilikuja Septemba 3, 1878. Meli ya abiria Princess Alice ilizama mtoni karibu na mahali uchafu ulipomwagwa, na zaidi ya watu 600 wakafa. Umma ukaanza kuhoji hali ya maji yale. Baadaye ikaanzishwa kazi ya kuchuja tope la kinyesi na kulipeleka kwa meli hadi baharini, desturi iliyosimamishwa mwaka 1998. Uchafu uliosukumwa kwa jirani haujaondoka, umehama tu.

KAZI YA KUUFUFUA

Miaka ya 1950 mitambo ya Crossness iliachwa. Vyuma vyake vilikuwa vizito mno, hata kuving'oa kukaonekana ni hasara, vikabaki vinaliwa na kutu. Mashimo ya pampu yalijazwa mchanga ili kupunguza hatari ya gesi ya methani, ambayo hutoka kwenye uchafu na huweza kulipuka.

Mwaka 1987 iliundwa taasisi ya kuhifadhi mitambo hiyo, Crossness Engines Trust. Waliojitolea walitoa zaidi ya tani 100 za mchanga, wakafungua kiungo kimoja kimoja, wakakwangua kutu, wakatengeneza upya vilivyooza na kupaka rangi nakshi. Kazi ya mtambo mmoja tu, Prince Consort, ilichukua miaka mingi, hadi ukazunguka tena kwa mvuke mwaka 2003. Kisha wakaugeukia mtambo wa Victoria.

Tuzingatie hapo. Kuachwa kwa miongo michache kulihitaji miaka na miaka ya jasho kurekebishwa. Na maji taka ya London hayakusimama kungoja: jirani na jengo hilo upo mtambo wa kisasa wa kuyasafisha, na mwaka 2025 jiji lilikamilisha handaki jipya la kilomita 25, kwa kuwa mitaro ya Bazalgette ilikuwa ikifurika mtoni mvua inyeshapo.

NA SISI JE?

Kipindupindu si kigeni kwetu. Mwaka 1869 na 1870 kiliwaua watu wengi Unguja, na Agosti 2015 kilianza Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Wengi wetu hatuna mtaro mkuu wala pampu ya mvuke. Tuna choo cha shimo, karo na kisima. Lakini kanuni ni ile ile, na Mtume (s.a.w.) alishatukataza kujisaidia kwenye maji yaliyotuama, njiani na kivulini wanapopumzika watu. Basi tushike haya:

1. Usitapishe choo wakati wa mvua. Anayefungulia karo lake usiku anamnywesha jirani kinyesi, na hiyo ni dhulma. Choo kikijaa, iteni gari la kunyonya. Gharama ikiwa kubwa, nyumba mbili tatu zichangiane.

2. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kisima kiwe na mfuniko.

3. Chemsha maji ya kunywa au yatibu kwa dawa ya klorini, hata yakionekana maangavu. Vimelea havionekani wala havinuki.

4. Baada ya kustanji, osha mikono kwa sabuni. Udhu ni ibada, nayo haichukui nafasi ya sabuni.

5. Kwenye vyoo vya msikiti na madrasa, awepo mtu mwenye dhamana ya kukagua karo kabla ya masika, si baada ya kufurika.

6. Mgonjwa akiharisha maji maji mfano wa maji ya mchele, aanze kunywa maji ya chumvichumvi mara moja. Yakikosekana ya pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta juu. Awahishwe kituo cha afya huku akiendelea kunywa, kwani kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache.

Allah atuwafikishe kuwa katika wenye kujitwaharisha, na atulinde na kuwadhuru majirani zetu. Amin.