Chumvi Inayolinda Ubongo wa Mama

Ukikaa hapa Rugenge, labda umekwisha kuona mama mwenye mimba akianguka ghafula, macho yamegeuka, meno yamekazana, mwili mzima unatetemeka. Watu husema amelogwa, na wakibishana saa zinapita. Huo ni kifafa cha mimba. Mara nyingi hutanguliwa na presha ya damu kupanda, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba.

Dawa yake ni chumvi. Si ile ya kutia katika ndagala, bali salfati ya magnesiamu, ambayo wazee waliinywa ili kuharisha. Kwa kifafa, kuinywa hakufai. Lazima ipigwe kwa sindano.

Sasa fahamu namna inavyofanya kazi. Seli ya ubongo ina ukuta mwembamba wenye milango midogo sana. Kalsiamu, ile ile inayokaza mifupa, iko nyingi nje ya ukuta na kidogo sana ndani. Seli ikitaka kuamsha jirani yake humtupia kitu kiitwacho glutamati. Mlango unafunguka, kalsiamu kidogo inaingia, habari inapita. Hiyo ni kazi njema. Lakini katika kifafa seli zinaamshana bila kupumzika, milango inakaa wazi, na kalsiamu inaingia kama mto Mulongwe ulivyoingia nyumbani mwa watu Aprili 2020. Ikizidi ndani, seli huanza kujila yenyewe.

Magnesiamu hukaa katika kinywa cha mlango kama kizibo katika chupa. Tena inalegeza mishipa ya damu.

Mwaka 1995 waganga wa nchi tisa, Uganda mojawapo, walitangaza matokeo ya wanawake 1,687 wenye ugonjwa huu. Magnesiamu ilizuia kifafa kurudi kuliko diazepamu na fenitoini. Mwaka 2002, katika wanawake 10,000 hivi wenye dalili za kwanza, ilipunguza hatari ya kuanguka kwa zaidi ya nusu.

Lakini usishangae muuguzi akimgonga mama goti kila mara. Dawa ikizidi hufunga hata milango ya mishipa inayoamuru misuli, goti halirushi mguu tena, kisha pumzi inasimama. Kwa hiyo tunahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, na tunapima mkojo, maana figo ndizo zinazoitoa. Ikizidi, tunapiga gramu 1 ya glukonati ya kalsiamu polepole katika mshipa: yule tuliyemfungia mlango sasa tunamwita atusaidie!

Mama akianguka nyumbani, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Usimtie kijiko kinywani, wala dawa ya kunywa. Mlete hospitali upesi, hata akiwa ameamka na kusema amepona, hata akiwa amekwisha kuzaa. Kifafa hiki huweza kuja siku za baada ya kuzaa pia.