Rehani ya Pili Baada ya Kufilisika

Wengi miongoni mwa wenye nyumba nchini Marekani, waliokopa mara ya pili kwa kuiweka rehani nyumba ile ile na baadaye wakaelemewa na madeni hata wakajitangaza muflisi, hudhani kwamba siku mahakama ilipotoa amri ya kuwafutia madeni ndiyo siku rehani ya pili ilipokufa. Na dhana hiyo, ijapokuwa yaeleweka, yaweza kumpotezea mtu nyumba yake.

Yapasa kufahamu kwanza kuwa rehani imekusanya mambo mawili: dhima ya mtu, yaani ahadi ya kulipa aliyoitia sahihi, na haki ya mwia juu ya nyumba yenyewe. Mtu afilisikapo chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, dhima yake huondoka, wala mwia hana tena ruhusa ya kumshitaki yeye binafsi au kuukata mshahara wake. Lakini haki iliyo juu ya nyumba husalia, na mwia asiyelipwa aweza kuipeleka mnadani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika shauri la Bank of America na Caulkett, iliamua kwamba chini ya sura hiyo rehani ya pili haibatiliki hata kama thamani yote ya nyumba imemezwa na ile ya kwanza.

Sura ya 13, ambayo humtaka mdaiwa alipe kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, ndiyo yenye faraja, walakini faraja yenye masharti. Natija ya hukumu ya Mahakama ya Juu katika shauri la Nobelman la mwaka 1993, pamoja na za mahakama nyingi za rufani zilizofuata, ni kwamba rehani ya pili juu ya makazi ya mtu hulindwa yote ikiwa thamani ya nyumba yaifikia japo kwa dola moja, na hukosa ulinzi wote ikiwa haiifikii kabisa. Mathalan, rehani ya kwanza ikiwa dola 210,000 na ya pili 40,000, nyumba ikathaminiwa 205,000, deni la pili huhesabiwa pamoja na madeni yasiyo na dhamana, na mdaiwa akitimiza mpango wake rehani hiyo hufutwa. Bali ikithaminiwa 211,000, dola 1,000 hizo huilinda rehani nzima. Kwa hiyo kauli ya mthamini aghalabu huwa na uzito kuliko ufasaha wa wakili. Na shauri likitupwa kabla mpango haujatimia, rehani hurudi kama ilivyokuwa.

Tena ukimya wa mwia usichukuliwe kuwa msamaha. Bei za nyumba zilipoporomoka katika msukosuko wa mwaka 2008, wawia wengi wa pili waliacha kudai, kwa kuwa mnada usingewabakishia kitu. Baadhi yao wakayauza madeni kwa bei ya chini, na bei zilipopanda, wanunuzi wakajitokeza wakidai asili na riba. Aprili 2023 ofisi ya serikali iwalindayo watumiaji wa huduma za fedha ilionya kwamba mkusanya madeni anayetishia kuinadi nyumba kwa deni lililopitwa na muda wa kisheria aweza kuwa ameivunja sheria.

Basi mwenye nyumba na aulize upesi ni nani ashikaye rehani yake ya pili, nyumba yathaminiwa kiasi gani leo, na muda wa kudai katika jimbo lake ni upi. Asitie sahihi waraka wa kujitwika upya dhima ya deni kabla wakili hajaupitia. Na akipatana na mwia apokee sehemu tu ya deni, fedha zisimtoke mkononi kabla ya kupata maandishi kwamba rehani itafutwa katika daftari la ardhi la kaunti, kwani hilo ndilo atakalolitazama kila mnunuzi wa nyumba hiyo.