Kani katika Gari la Rimoti na Roketi ya Chupa

Chukua gari la kuchezea la rimoti, kama yale yanayouzwa Kariakoo, uliweke kwenye barabara ya lami pale Tegeta. Ukibonyeza kitufe linaondoka mara moja. Sasa lipeleke Mbagala, kwenye uchochoro wenye mchanga. Betri ni zile zile na mota ni ile ile, lakini magurudumu ya nyuma yanazunguka na kuchimba shimo, gari liko palepale. Kama mota ndiyo inayolisukuma gari, mbona limekwama?

Mota hailisukumi gari. Mota inazungusha gurudumu, na gurudumu linasukuma ardhi kwenda nyuma. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, ardhi nayo inalisukuma gurudumu kwenda mbele kwa kani iliyo sawa. Kani hiyo ya ardhi ndiyo inayoondoa gari, nayo ni msuguano.

Hapa watahiniwa wengi wanapoteza alama. Walikariri tangu kidato cha kwanza kwamba msuguano hupinga mwendo, basi kila mchoro wanaupa mshale wa msuguano unaoelekea nyuma. Msuguano hupinga nyuso mbili zisiteleze moja juu ya nyingine. Sehemu ya gurudumu inayogusa ardhi inataka kuteleza kwenda nyuma, kwa hiyo msuguano unaelekea mbele. Chora hivyo kwa magurudumu yanayozungushwa na mota. Yale mengine mawili yanayofuata tu, mshale wake unaelekea nyuma.

Tuweke namba. Gari letu lina tungamo la kilo 1.2, hivyo uzito wake ni N 12 (tunatumia g = 10 N/kg). Tuseme nusu ya uzito imekaa kwenye magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayoendeshwa: N 6. Kwenye mchanga huu, msuguano mkubwa kabisa unaoweza kupatikana ni 0.4 ya kani ambayo magurudumu hayo yanakandamiza ardhi, yaani 0.4 × 6 = N 2.4. Mchanga wenyewe unalizuia gari kwa kani iliyo sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito wote, N 1.2. Kani halisi, ile inayobaki baada ya kani zinazopingana kutoana, ni 2.4 − 1.2 = N 1.2. Mchapuko ni 1.2 ÷ 1.2 = 1 m/s².

Sasa weka jiwe la kilo 0.4 juu ya ekseli ya nyuma. Mtahiniwa mwenye haraka atajibu kwamba gari limekuwa zito, basi mchapuko utapungua. Hesabu kwanza. Magurudumu ya nyuma sasa yanakandamiza kwa N 10, hivyo msuguano unafika N 4. Uzito wote ni N 16, mchanga unazuia kwa N 1.6. Kani halisi ni N 2.4, tungamo ni kilo 1.6, mchapuko ni 1.5 m/s². Umeongezeka! Lihamishe jiwe hilo hilo hadi juu ya ekseli ya mbele: msuguano unabaki N 2.4, kizuizi ni N 1.6, kani halisi ni N 0.8 na mchapuko ni 0.5 m/s². Jiwe ni moja, limebadili mahali tu, na jibu limepungua mara tatu. Bila shaka hesabu hii inadai mota iwe na nguvu ya kutosha, lakini mota inayozungusha magurudumu kwenye mchanga haina shida hiyo.

Madereva wanalijua jambo hili bila kuandika mlinganyo wowote. Pikapu inapokwama kwenye tope msimu wa masika, utamsikia dereva akiwaambia watu wapande nyuma. Hataki wasukume, anataka uzito wao juu ya magurudumu yanayoendeshwa.

Twende kwenye roketi, maana huko hakuna ardhi ya kusukuma. Roketi ya chupa hutengenezwa kwa chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu, maji kidogo, kizibo chenye vali na pampu ya baiskeli. Unaigeuza mdomo chini, unapampu, na hewa iliyobanwa inayafukuza maji. Ukijaribu, fanya na mwalimu, uwanjani, kila mtu akae mbali na asiinamie chupa. Usitumie chupa ya kioo, na usiguse baruti wala fataki.

Roketi inasukuma nini? Ukiandika kwamba maji yanapiga ardhi na ardhi inairusha chupa, umekosa. Ukiandika kwamba maji yanasukuma hewa ya nje, umekosa pia, ingawa hukosi peke yako. Januari 1920 gazeti la The New York Times lilimkejeli mwanasayansi wa Marekani Robert Goddard kwa kusema roketi inaweza kufanya kazi mahali pasipo na hewa. Mhariri alidhani lazima pawe na kitu cha kusukuma. Gazeti hilo lilikiri kosa lake Julai 1969, wakati Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini.

Chupa inasukuma maji yake yenyewe kwenda chini, na maji yanaisukuma chupa kwenda juu. Jozi ya kani imekamilika hapo hapo, bila ardhi wala hewa ya nje.

Tuchukue chupa tupu ya kilo 0.1 yenye maji ya kilo 0.4. Mdomo umebanwa, maji yanatoka kilo 2 kila sekunde kwa mwendokasi wa 20 m/s. Msukumo ni badiliko la momentamu kwa sekunde: 2 × 20 = N 40. Usikimbilie kugawa 40 kwa 0.5! Uzito wa N 5 unavuta chini. Kani halisi ni N 35, na mchapuko wa mwanzo ni 35 ÷ 0.5 = 70 m/s². Kusahau kutoa uzito kunakupa 80, na alama ya jibu imekwenda.

Kadiri maji yanavyotoka, tungamo linapungua, hivyo msukumo ule ule ungezaa mchapuko mkubwa zaidi. Lakini hewa ndani ya chupa inatanuka, kanieneo inashuka, na msukumo nao unashuka. Swali likisema "msukumo haubadiliki," kubali na uendelee.

Maji yakiisha chupa bado inapanda. Kani gani inaipandisha? Hakuna. Inapanda kwa mwendokasi iliokwisha kuupata. Kani zilizobaki ni uzito na ukinzani wa hewa, na zote mbili zinaelekea chini, kwa hiyo inapungua mwendo kwa zaidi ya 10 m/s kila sekunde. Usichore mshale wa juu hapa. Ikifika kileleni na kusimama kwa nukta moja, mchapuko si sifuri. Ni 10 m/s² kuelekea chini.

Roketi kubwa zinafuata hesabu hiyo hiyo, na zimewahi kuruka kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa bahati. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unakipa kila kitu mwendokasi wa takriban 465 m/s kuelekea mashariki hata kabla injini haijawashwa. Roketi inayorushwa mashariki inaanza na akiba hiyo.

Jaribu mwenyewe. Rudi kwenye roketi ya chupa, uongeze maji yafike kilo 0.9, msukumo ukibaki N 40. Tafuta mchapuko wa mwanzo, kisha eleza sababu nyingine, isiyohusu uzito, inayofanya chupa iliyojaa maji mengi isipae vizuri. Jibu la kwanza ni 30 m/s². Kwa la pili, angalia nafasi iliyobaki kwa hewa: imetoka lita 1.1 hadi lita 0.6. Hewa hiyo kidogo ikitanuka kuyafukuza maji, kanieneo yake inaporomoka upesi, na mengine ya maji yanapanda na chupa kama mzigo.