Kwa nini kibodi ya Kikamba ijaribiwe kwa Kikamba

MKAZI wa Machakos anayetaka kumwarifu mzazi wake kwa ujumbe wa simu kwamba anarejea mũsyĩ, yaani nyumbani, hukumbana na kikwazo mapema. Neno hilo lina ũ na ĩ, herufi ambazo hazionekani kwenye kibodi ya kawaida ya skrini, iliyorithi mpangilio wa taipureta ya Marekani ya karne ya 19. Katika baadhi ya simu sharti u au i ishikiliwe hadi orodha ya herufi nyingine ifunguke. Wengi huona huo ni usumbufu, wakaandika "musyi" tu.

Alama hizo si pambo. Kikamba kina irabu saba. Ĩ hutamkwa kati ya i na e, na ũ kati ya u na o. Tena hutokea mno, kwani vitenzi-jina vingi huanza kwa kũ-, na nomino nyingi kwa mũ- au kĩ-.

Suluhisho moja ni kibodi yenye vitufe vya herufi hizo. Hata hivyo, vitufe vikiongezwa katika mstari, kila kimoja hupungua upana na kidole hukosea kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo muundo mpya hauna budi kujaribiwa na watumiaji. Mshiriki hupewa sentensi za kunakili. Huhesabiwa maneno kwa dakika, neno likichukuliwa kuwa herufi 5, pamoja na makosa yake. Sentensi zikiwa za Kiingereza, ũ haitaguswa hata mara moja, na kibodi mpya itaonekana mzigo mtupu.

Muda nao hudanganya. Mwaka 1999, watafiti Scott MacKenzie na Shawn Zhang walilinganisha kibodi ya skrini iitwayo OPTI na ile ya kawaida, kwa watu 5 na vikao 20. Mwanzoni OPTI ilitoa maneno 17 kwa dakika dhidi ya 28. Mwishoni ilikuwa mbele, 44 dhidi ya 40. Jaribio la alasiri moja lingeitupa.

Kisha kuna mazoea ya Machakos yenyewe, ambako ujumbe mmoja waweza kuanza kwa Kikamba, ukapitia Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza. Sentensi za kupimia zisizo na mchanganyiko huo zitapima mwandiko usio wa wenyeji.