Maneno Yanapokimbia: Tulivyojaribu Hipnosisi ya Kujifanyia Wenyewe

Mwaka jana, siku ya mtihani wa kuzungumza, mwenzetu mmoja aliingia chumbani akapewa swali jepesi kuliko yote: "Tueleze kuhusu familia yako." Kwao wanazungumza Kiswahili tangu azaliwe. Lakini mbele ya walimu wawili na kinasasauti, maneno yalimkimbia. Alisema "mama", akasema "baba", kisha akanyamaza. Alipofika kituo cha basi yote yalirudi: shangazi, mjomba, binamu, wifi. Yalirudi wakati hakuna tena wa kuyasikiliza.

Tuliposikia kisa hiki hatukucheka sana, maana yametukuta wengi, na si kwenye mtihani tu. Bibi anapiga simu kutoka Tanga. Tunasema, "Shikamoo bibi." Anaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, hamjambo huko?" Tunajibu, "Hatujambo." Baada ya hapo tunaanza kumtafuta mama kwa macho ili tumpe simu. Bibi hajui kwamba maneno yametupotea. Anadhani hatutaki kuzungumza naye.

Kwa hiyo muhula huu sita kati yetu tuliamua kujaribu jambo ambalo wanafunzi wengi wanalisifu: kujifanyia hipnosisi ili kuongeza kumbukumbu na umakini. Tulijipa wiki tatu. Haya ndiyo tuliyosoma na tuliyoyaona.

Si usingizi, si mazingaombwe

Mama wa mmoja wetu, mtu wa Mombasa, alishtuka aliposikia. "Mwanangu, sasa mmeanza mazingaombwe?" Hofu yake tunaielewa. Wengi tumeona hipnosisi kwenye televisheni tu, mtu akiamrishwa awike kama jogoo.

Asili ya jina lenyewe iko karibu na sisi, maana Manchester si mbali na chuo chetu kwa treni. Mwaka 1841 daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi huko, James Braid, alikwenda kutazama maonyesho ya Charles Lafontaine, mtu aliyejulikana kwa kuwalaza watu jukwaani. Wakati ule wengi waliamini kwamba kuna nguvu isiyoonekana inayotoka kwa mfanyaji na kumwingia mwenzake. Braid alikwenda akiwa na shaka. Baadaye alijaribu mwenyewe nyumbani. Alimwomba rafiki yake akazie macho mdomo wa chupa, na mkewe akazie macho bakuli la sukari. Wote wawili walizama katika hali ile ile, bila nguvu yoyote ya mtu mwingine. Chanzo kilikuwa macho na akili kutulia juu ya kitu kimoja.

Mwaka 1843 Braid alichapisha kitabu juu ya jambo hilo, na jina alilolitumia lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Miaka michache baadaye alijuta, kwa sababu aliona kwamba watu wake hawakuwa wamelala. Alipendekeza jina jingine lenye maana ya wazo moja. Lilikuwa limechelewa, la kwanza lilikwisha kuenea.

Sisi tunadhani jina la pili ndilo linaloeleza vizuri zaidi. Katika hipnosisi mtu anasikia, anajua alipo, na anaweza kuinuka akitaka. Ila akili yake imeshika jambo moja na kuyaacha mengine yapite.

Namna tulivyofanya

Kila jioni, kabla ya kudurusu, tulitumia dakika kumi na tano hivi:

1. Kaa kwenye kiti, miguu sakafuni. Simu iwe chumba kingine.
2. Kazia macho nukta moja ukutani mpaka kope ziwe nzito, kisha zifumbe.
3. Pumua polepole. Legeza mwili kuanzia nyayo, magoti, tumbo, mabega, hadi taya.
4. Hesabu kimoyomoyo kurudi nyuma, kutoka ishirini hadi moja. Sisi tulihesabu kwa Kiswahili. Ukipotea, anza ulipokumbuka.
5. Rudia sentensi moja fupi mara kadhaa.
6. Jione uko ndani ya chumba cha mtihani, unavuta pumzi, unajibu swali la kwanza.
7. Hesabu moja hadi tano, fumbua macho, kisha fungua daftari mara moja.

Sentensi ya hatua ya tano ilituletea mjadala mrefu. Wa kwanza alisema, "Sitasahau." Tukaona kwamba neno linalobaki akilini ni kusahau. Wa pili alisema, "Nitakumbuka," lakini hiyo inaahidi kesho. Mwishowe tulichagua: "Nimetulia, maneno yangu yapo." Walimu wetu watafurahi kusikia kwamba hapo ndipo tulipoielewa -me- vizuri. Nimetulia maana yake tendo limetimia na hali yake bado ipo.

Tahadhari mbili. Usifanye zoezi hili ukiendesha gari au ukiwa ndani ya bafu la maji. Na mwenye maradhi ya akili, hasa anayesikia sauti au kuona visivyokuwapo, amwulize daktari wake kwanza.

Lisiloweza kufanya

Hapa lazima tuseme kweli. Hipnosisi haiongezi kumbukumbu. Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuona kwamba mtu aliye katika hipnosisi anaweza kutaja mambo mengi zaidi, lakini ya kweli huchanganyika na ya uongo, naye huyaamini yote kwa uhakika uleule. Ndiyo sababu mwaka 1982 Mahakama Kuu ya jimbo la California, Marekani, iliwekea mipaka mikali ushahidi wa mashahidi waliofanyiwa hipnosisi ili wakumbuke.

Neno ambalo hujajifunza halitakuja kwa kufumba macho. Kinacholiingiza neno kichwani ni kulitafuta mwenyewe bila kitabu, tena na tena, kwa nafasi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha jinsi tunavyosahau upesi tusiporudia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima bila kitabu walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena.

Wale kati yetu waliopita madrasa hawakushangaa. Mwalimu hakuuliza, "Umesoma?" Alifunga msahafu akasema, "Haya, nisomee." Aliyeshindwa alirudi nyuma, akakaa, akahifadhi upya.

Tulichokiona

Kati yetu sita, wawili waliacha wiki ya kwanza. Mmoja alilala kila alipofika kumi na mbili, na anasema usingizi ule ulimfaa kuliko chochote. Watatu tuliobaki tuliona kitu kimoja: tulikaa na daftari muda mrefu zaidi bila kuinuka kutafuta simu. Kwa kuwa tulikaa, tulijipima. Kwa kuwa tulijipima, tulijua. Hatuwezi kuapa kwamba ni hipnosisi iliyofanya kazi na si mazoezi yenyewe. Tunadhani hipnosisi ilitufikisha kwenye mazoezi.

Mwenzetu wa mwaka jana alikuwa mmoja wa hao watatu. Katika mtihani wa majaribio aliulizwa juu ya sikukuu nyumbani kwao. Alikwama palepale mwanzoni. Akashusha mabega, akavuta pumzi moja, akanyamaza kidogo, kisha akaanza. Alikosea ngeli mara tatu au nne, lakini hakusimama mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata alimpigia bibi yake yeye mwenyewe. Kabla ya kupiga alikaa kitandani, akahesabu kutoka ishirini. Walizungumza kwa muda mrefu juu ya mvua, bei ya nazi na harusi ya binamu. Neno lilipompotea alisema, "Ngoja bibi, linakuja," na bibi akangoja.

Kama nawe maneno hukukimbia, njoo kwenye mkutano wetu ujao. Tutafanya zoezi hili pamoja kwa dakika kumi na tano, kisha tutafunga madaftari na kuulizana maswali. Hiyo sehemu ya pili usiikose.