KELELE YA DISKI NA KELELE YA KINU: TUANZE KUITIBU WAPI?



Baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa chama unazungumzia kompyuta ya nyumbani. Tunawaomba msome mpaka mwisho, maana jambo hili linaanzia mezani nyumbani na linaishia kwenye mashine unayosimama nayo kila siku.

Tawi letu hapa Karambi linaweka orodha ya wanachama na michango yao katika kompyuta tuliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Ofisi yetu haina umeme, kwa hiyo kompyuta inakaa nyumbani kwa mama mweka hazina wetu, karibu na Bwera. Mchana yuko kazini. Hesabu anaziandika usiku, katika chumba kile kile wanamolala watoto. Mchana huisikii mashine hiyo. Lakini usiku, kijiji kikinyamaza, ilikuwa ikinguruma kama nyuki ndani ya debe, na kila alipoandika jina jipya ilikwaruza. Watoto waliamka. Mwishowe mama alifanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya: aliifunika kwa blanketi. Haikupita saa moja, kasha likawa moto na kompyuta ikajizima yenyewe.

Hapo tulikaa pamoja tukalifungua kasha, tukatafuta kelele inatoka wapi.

KELELE INATOKA WAPI

Diski ngumu ndiyo ghala la kompyuta. Ndani yake mna sahani moja au zaidi, nyororo kama kioo, zinazozungushwa na mota ndogo. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Juu ya sahani upo mkono mwembamba unaokimbia huku na huko kutafuta mahali habari ilipoandikwa. Kwa hiyo sauti ni mbili: mngurumo wa sahani usiokoma, na mkwaruzo wa mkono unapokwenda mbio. Kazi hiyo haijabadilika tangu kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa diski ya kwanza mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese kubeba shaba ya Kilembe. Diski ile ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24. Ya leo inakaa kiganjani.

Diski peke yake haina sauti kubwa. Anayeikuza ni kasha. Skurubu zinaibana diski kwenye bati, mtetemo unapita kwenye skurubu, bati linatetemeka, na meza nayo inatetemeka. Ni kama ngoma: mkono unapiga kidogo, mzinga unafanya sauti ifike kijiji cha pili. Ukitaka kujua, bonyeza ubavu wa kasha kwa kidole. Sauti ikibadilika, bati ndilo linaloimba.

TULIVYOFANYA

Kwanza, nakala. Kabla ya kugusa skurubu hata moja tulinakili orodha yote kwenye flashi mbili. Moja ilibaki kwa mweka hazina, nyingine ikaenda kwa katibu. Kisha tulizima kompyuta na kuchomoa waya ukutani.

Pili, tulikaza skurubu za kasha zilizolegea, tukakata kandambili kuukuu na kuweka vipande chini ya miguu ya kasha ili meza isipokee mtetemo.

Tatu, diski yenyewe. Tuliifungua kutoka kwenye bati, tukakata tyubu ya baiskeli vipande virefu vyembamba, tukaining'iniza diski katika nafasi yake ikiwa imelala sawasawa, chuma kisiguse chuma. Mpira unaumeza mtetemo kabla haujafika kwenye bati. Waya zake tuliziacha zimelegea kidogo, na upepo wa feni tuliuachia njia. Kazi hii inafaa kwa kompyuta isiyohamishwa tu. Siku ya kuihamisha, diski irudishwe kwenye skurubu zake. Mpira nao huzeeka, hivyo ukaguliwe kila baada ya miezi michache.

Nne, tuliondoa vumbi kwenye feni kwa brashi laini. Feni iliyojaa vumbi hulalamika kuliko diski.

Tano, tuliiamuru kompyuta isimamishe diski ikikaa dakika 20 bila kazi. Usiweke dakika chache mno, kwa sababu kuwaka na kuzima mara kwa mara huichosha mota.

Mwenye fedha anaweza kununua diski ya aina mpya isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo mafundi huiita SSD. Hiyo haina sauti hata kidogo. Sisi wakati ule hatukuwa na fedha hizo. Tyubu na kandambili hazikutugharimu kitu, na watoto walilala.

SAUTI NI UJUMBE

Baada ya miezi miwili, mama mweka hazina alisikia sauti mpya: tak, tak, tak, kama saa ya ukutani. Angeisikiaje katika mngurumo ule wa zamani? Diski inayogonga hivyo mara nyingi inakufa. Usiku ule ule alinakili kila kitu. Wiki haikwisha, diski ikafa kabisa. Ndani yake yalikuwamo majina ya wanachama wote, na karatasi za madai ya mwenzetu aliyeumia mkono kazini. Hatukupoteza jina wala dai.

FUNZO KWA KAZI ZETU

Sasa tutazame tulivyopanga kazi. Tulianza kwenye chanzo, tukaenda kwenye njia ya mtetemo. Hatukuwaambia watoto wazibe masikio. Lakini kazini mara ngapi tumeona kinyume chake? Mashine ya kukoboa kahawa imelegea nati, beringi zimekwisha, imefungwa kwenye sakafu bila kipande cha mpira, na mfanyakazi anapewa pamba ya masikioni. Siku nyingine hata hiyo pamba hapati.

Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1977, unahusu uchafu wa hewa, kelele na mtetemo kazini. Nao unafuata mpango huo huo. Kwanza mwajiri atumie ufundi katika mashine na namna ya kazi. Ikishindikana, utaratibu wa kazi ubadilishwe. Vifaa vya kujikinga mwilini vinakuja mwisho, na ni mwajiri anayevitoa. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Diski ya kompyuta hutoa kama 30. Wataalamu wanahesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mahali hatari inapoanzia. Msidhani 85 ni karibu mara tatu ya 30. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Kama huna kipimo, tumia hiki: ukiwa hatua moja na mwenzako na inakubidi upige kelele ndipo akusikie, basi mahali hapo pana hatari. Sikio lililoharibiwa na kelele halirudi, wala hakuna dawa.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lifanye hivi: andikeni mashine gani inapiga kelele, sauti yake ilibadilika lini, na nati au beringi ipi imelegea. Mpeni mwakilishi wenu karatasi hiyo aipeleke kwa mwajiri. Msiifungue mashine ya kazini wenyewe, hiyo ni kazi ya fundi, tena ikiwa imezimwa. Mwajiri akileta pamba ya masikio, ipokeeni, kisha mwulizeni: je, nati imekazwa?

Umoja ni nguvu.