Fidla Yalia, Mwenyewe Hatajwi

Juzi nilikuwa Upper Hill, Nairobi, kumzuru mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Saa ya kuingia wodini ilikuwa haijafika, nikaketi nje kivulini. Ubavuni pangu alikuwapo kijana amepakata fidla, na karatasi za noti mkononi. Nikamwuliza muziki ule ni wa nani.

"Wa Ernst, mzee. Mwalimu wangu asema siku hizi wengi hawamjui."

Kweli. Heinrich Wilhelm Ernst alizaliwa Brno mwaka 1812, akafa Nice, Ufaransa, mwaka 1865. Sultani wa fidla Ulaya zama hizo alikuwa Paganini, na Ernst alimfuata mji kwa mji. Mwaka 1837, huko Marseille, alipanga chumba jirani na chake ili amsikilize kwa siri akijizoeza. (Sisi tuliosoma chuoni twaujua wizi huo: nani hakutega sikio kwenye darasa la wakubwa?) Joachim, bingwa aliyekuja baadaye, alimsifu Ernst kuliko wapigaji wote aliopata kuwasikia. Sifa zikazama, karatasi zikabaki.

Nikawaza ya kwetu. Miaka 5 baada ya kifo cha Ernst, mwaka 1870, Seyyid Barghash alikalia kiti Unguja. Masimulizi ya taarabu yasema alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Akarudi na ilimu ya kanuni, ala ya nyuzi zaidi ya 70, akawafundisha wenziwe wakampigia Sultani. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na taarabu ikawa na wenyewe mjini.

Katika ala zote za taarabu, mimi naipenda fidla. Shingo yake haina vituo kama gita. Kidole huteleza hadi kwenye ile robo sauti isiyopatikana katika piano, ndipo Rasti na Bayati zikakaa humo kama zilizozaliwa humo. Lakini ilimu hii ilipita kwa sikio na mkono. Ernst akisahauliwa miaka 100, mtoto wa Nairobi humfufua kwa karatasi. Mzee wetu wa fidla akizikwa, huzikwa na vidole vyake. Mwimbaji hutajwa, mshairi hutajwa akibahatika (nami nimeyaonja hayo), ama aliyeyatia mashairi sauti, wallahi humsikii.

Kijana akaniomba nimwimbie moja ya nyimbo zetu. Nikamwimbia kwa sauti ya chini, kwa haya ya wagonjwa. Akaifuata polepole, mara ya kwanza kidole kikapita mbali, mara ya tatu kikatua pale pale.

"Nzuri sana, mzee. Kaitunga nani?"

Nikamtajia mwimbaji. Nikamtajia na mshairi.

"La, mzee. Huu muziki wenyewe."

Kengele ya wodini ikalia, nikainuka sijamjibu.